Mpira Uliozama Pipani

Mpira wenyewe ulikuwa wa kijani, una mstari wa njano ubavuni, na urefu wake ulitosha kutoka bombani mpaka tuta la mwisho la kabichi zangu. Naanza na mpira kwa sababu ndio uliompeleka hospitali mtoto wa miezi saba, akitokwa na mate kama povu la sabuni, na daktari hajui anapambana na sumu gani. Mimi nilijua. Siku ile mji mzima wa Morogoro hakuna mwingine aliyejua, ni mimi tu, na nilikaa kimya na kujua kwangu kwa muda ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka.

Mimi ni Mluguru wa mlimani. Shule niliishia darasa la nne, nikatolewa kwenda kulima, na sijawahi kulilia hilo. Kwetu kule juu maji hayakuwa kitu cha kupangiwa siku. Mjomba wangu alipasua mianzi mirefu, akatoboa vifundo vyake, akaunganisha mmoja na mwingine kutoka kijitoni mpaka nyuma ya nyumba yetu. Maji yalipita pale mchana na usiku, masika na kiangazi. Hakuna aliyeyafunga, kwa sababu cha kufungia hakikuwepo. Nilipoolewa mjini nikakuta bomba lenye koki, unainyonga maji yanakata, nilicheka mpaka mama mkwe akauliza huyu bibi harusi ana nini.

Sasa mwaka jana mvua za vuli hazikuja. Tulikaa tukiiangalia milima, maana kwetu ukitoka nje ya mlango unakutana nayo, na milima ikabaki uchi. Hakuna wingu hata la kufunika kilele. Tuliona mpaka vijia vya miguu kule juu, na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Waliokwenda bwawani walirudi wakisema visiki vya zamani vimetokeza katikati ya tope. Mgao ukaanza. Mtaa wetu tukapewa Jumanne na Ijumaa, asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, kisha koki kubwa ya njia inafungwa na bomba linakohoa upepo.

Halafu likapita gari la matangazo. Hakuna kumwagilia kwa mpira, hakuna kuosha gari kwa mpira, hakuna mpira kabisa. Maji ni ya ndoo. Atakayekutwa amevalisha mpira kwenye bomba, mita inang'olewa mpaka masika.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano kutafuta watu wa kusimamia amri ile. Mimi sikunyosha mkono. Walioninyoshea vidole ni watu.

"Bibi huyu hapa! Huyu haogopi hata polisi!"

"Bibi, simama wakuone."

Nikasimama. Nikakaza kanga kiunoni nikawaambia, "Mkinichagua, msije mkalia." Wakapiga makofi. Siwezi kusema uongo, nilivimba kichwa. Nina miaka zaidi ya sabini, nimezaa saba, wajukuu siwahesabu mbele ya watu, na hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kuamrisha wanaume. Wiki ile ile nikapita nyumba kwa nyumba na toroli. Nilichukua mpira kwa mwalimu wa sekondari, nikachukua kwa fundi pikipiki, nikachukua kwa mama anayefuga nguruwe. Yote nikaitupa kwenye stoo yangu, ikajiviringisha mle kama majoka.

Nikafika kwa mtani wangu.

Huyu ni mama wa Gairo, Mkaguru, bibi kama mimi. Nyumba yake inafuata yangu kwenda chini, tunagawana ukuta na tunagawana bomba: linapita ardhini kwangu kwanza ndipo linamfikia yeye. Anaishi na binti yake wa mwisho, na binti alikuwa na kitoto cha kike, mjukuu ambaye mtani alimbeba kila mahali kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Waluguru na Wakaguru tunataniana tangu mababu. Akinitukana sokoni watu wanacheka, nami nikifa ana haki ya kuja kukalia jeneza langu mpaka wanangu wamnunulie soda. Miaka zaidi ya ishirini hatujawahi kusalimiana kama watu.

Aliponiona na toroli akaweka mikono kiunoni.

"Mluguru, umekosa cha kuiba mpaka umefikia mipira?"

"Nakuokoa. Watu wa Gairo mkiona maji mengi mnapandwa wazimu."

"Na wako uko wapi? Mbona siuoni humo?"

"Wangu niliutanguliza stoo kabla ya wote. Kiongozi haanzi kwa wenzake."

"Kiongozi!" Akamgeukia mjukuu wake mgongoni. "Umemsikia? Jana tu ameshuka mlimani na kapu la magimbi, leo kiongozi."

Akanipa mpira wake. Wangu ulikuwa chini ya kitanda changu.

Niseme kwa nini. Nyuma ya nyumba nina bustani ya matuta tisa. Mchicha, figili, bamia, na kabichi ambazo wanawake wa mtaa mzima walizisifu. Walimu walikuja kununua kwangu, na wahadhiri wa chuo walisimamisha gari zao mlangoni, kwa sababu moja: mboga ya bibi haina dawa ya dukani. Mimi nilinyunyiza dawa ya mama yangu. Unaloweka majani makavu ya tumbaku siku tatu, unatia pilipili kichaa iliyotwangwa, majivu, na kipande cha sabuni ya mche kilichokunwa. Wadudu wanakimbia. Maneno hayo nimeyasema kwa wateja mara nyingi hadi wajukuu wanayaigiza nikiwa nimewapa mgongo.

Kiangazi kile wadudu hawakukimbia. Mmea wenye kiu hauna nguvu, na vidukari walizikalia kabichi zangu hadi majani yakajikunja. Mkulima mmoja wa nyanya wa Mlali, mtu ninayemuuzia miche, akaniletea chupa ndogo.

"Kifuniko kimoja tu, bibi, kwenye pipa. Usizidishe. Na usiile mboga mpaka zipite wiki mbili."

Nikamwambia mimi siweki sumu kwenye mboga zangu. Alipoondoka nikaiweka chupa nyuma ya debe la mahindi. Siku ya tatu nikaitoa.

Ilikuwa Jumanne. Pipa langu la buluu liko juu ya mawe matatu makubwa, karibu na bomba, ili nikiinama kuchota goti lisinisumbue. Tumbaku ilikuwa imeloweka, imejaa theluthi ya pipa, nyeusi kama kahawa ya msibani. Nikamimina kifuniko kimoja. Nikafikiri kidogo, nikamimina cha pili. Ilibaki kujaza maji. Kwa amri niliyoisimamia mwenyewe nilitakiwa nichote ndoo baada ya ndoo niinue mpaka kifuani. Goti likasema hapana. Nikauchomoa mpira chini ya kitanda.

Nilianika kanga nne mbichi kwenye kamba ili zizibe bomba mtu asilione kutoka njiani. Nikavalisha mpira. Lakini maji yakiangukia ndani ya pipa yanapiga kelele, tena kelele inayojulikana, mtoto mdogo angeijua kuwa ni mpira. Basi nikafunga jiwe kwenye ncha ya mpira nikauzamisha mpaka chini kabisa, ndani ya dawa. Kimya. Maji yakapanda polepole bila hata sauti ya kuku anayekunywa. Nikajisifu kwa akili ile.

Pipa lilikuwa limekaribia kujaa, na maji yameshadhoofika, nilipoitwa njiani.

"Bibi! Bibi wa kamati! Njoo uone mambo huku!"

Mwalimu, yule yule niliyemnyang'anya mpira, alikuwa ameazima mwingine kwa shemeji yake na anaosha pikipiki. Watu wamejaa. Nikaliacha bomba wazi, nikasema nakwenda na kurudi. Sikurudi upesi. Nilisimama mbele ya watu nikamsema mwalimu wa watu hadi shingo ikamwinamia. Nilimwambia kuna watoto hawajanawa uso leo ili pikipiki yake ing'ae. Nilimwambia aliyesoma ndiye anayetakiwa kuelewa kwanza. Akasema, "Samahani, bibi," na mimi nikaendelea kana kwamba sijasikia. Nikiwa bado nasema, maji kwenye mpira wake yakafifia, yakawa uzi, yakaisha. Koki kubwa ilikuwa imefungwa.

Niliporudi nyumbani nikakuta pipa langu limepungua. Nililiacha karibu na ukingo, sasa linafika chini ya nusu, na alama ya unyevu iko juu pembeni inaonyesha maji yalikuwa wapi. Nikazunguka kutafuta tobo. Ardhi kavu. Nikapapasa mawe. Makavu. Nikasimama pale mikono kiunoni kama mtu aliyeibiwa na jini.

Hapo mtani akaniita, kichwa kimetokeza juu ya ukuta.

"Mluguru! Maji yenu ya mlimani leo yana nini? Mekundu kama chai."

"Chai ya bure hiyo. Na bado unalalamika."

"Nimeonja ni machungu. Mmeogea humo na miguu yenu?"

"Tumeoga ukoo mzima. Kunywa, ni dawa, labda utapata akili."

Akacheka. Mimi nikacheka. Maji ya mwisho wa mgao huwa na kutu, kila mtu anajua, tunayaacha yatulie tunayachemsha. Akasema nimekinga madumu mawili na ndoo, nitayachemsha hayo machai yako. Nikamwambia tia na tangawizi.

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Mwanamke alikuja kuniambia kwa mdomo wake kwamba maji yana uchungu na yana rangi, na kwa sababu ni yeye, na kwa sababu ni mimi, hakuna aliyeyasikia yale maneno kama yalivyo. Angekuwa mtu mwingine yeyote wa mtaa ule, ningeshtuka.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Mlali nilipomsikia binti yake akilia. Hakuwa analia kilio cha msiba. Alikuwa anaita jina la mtoto, anaita tena, anaita kwa haraka kama mtu anayegonga mlango. Nikatoka. Mtani alikuwa njiani amembeba mjukuu mikononi, si mgongoni. Kichwa cha mtoto kimelala nyuma. Mate yanamtoka hayakomi, kifua kinakoroma, miguu inatetemeka.

"Amekula nini?" nikauliza.

"Uji tu. Uji na kuogeshwa. Ameutapika wote. Mtani, angalia macho yake, angalia!"

Nikaangalia. Kiini cheusi cha jicho kilikuwa kidogo kama punje ya ulezi, na jua si kali. Mwenyekiti wa mtaa akatokea na gari lake, wakapanda, mlango haujafungwa vizuri wakaondoka. Vumbi likabaki na mimi.

Nilirudi uani. Sijui ni nini kilichonipeleka pale penye pipa. Kanga zangu zilikuwa zimeshakauka kwenye kamba. Bomba bado liko wazi, mpira bado umevaa, ncha bado imezama na jiwe lake. Nikautazama mpira unavyopanda kutoka pipani, unavyoshuka mpaka bombani, na bomba linavyoingia ardhini kuelekea chini, kwa mtani. Nimewaona utingo wa malori wakiiba dizeli. Wanaingiza mpira kwenye tangi, wanavuta kwa mdomo mara moja, wanaushusha chini, na dizeli inajimwaga yenyewe. Pipa langu liko juu ya mawe. Bomba la mtani liko chini. Koki kubwa ilipofungwa, yeye alikuwa amefungua la kwake akinge matone ya mwisho, na bomba tupu likavuta kilichokuwa karibu.

Nikapita uchochoroni nikaingia jikoni kwake. Sufuria ya uji iko mafigani, ukoko umeganda. Nikafungua dumu nikanusa. Tumbaku ya mama yangu. Na nyuma yake ile harufu nyingine, ya vitunguu saumu vilivyooza, ambayo haikutoka kwa mama yangu.

Sasa naandika lile ninaloona aibu kuliko yote. Nilirudi nyumbani mbio, goti lile lile lililoshindwa kuinua ndoo, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuvua mpira. Niliukunja. Nikauingiza chini ya kitanda nikausukuma kwa mguu mpaka ukutani. Nikaanua kanga. Nikarudi nikalishika pipa kwa mikono miwili kulimwaga lote matutani, na lilikuwa limeshainama. Mtoto anakoroma hospitali, na mimi ninafagia nyayo zangu.

Lililonizuia ni dogo. Maji yalimwagika kidogo mguuni, ile harufu ikapanda, na nikaona mkono wangu ukijifuta haraka kwenye kanga, haraka sana, kama mtu aliyeguswa na moto. Mkono uliogopa tone moja. Yule amekunywa bakuli.

Nikalisimamisha pipa. Nikajaza chupa ya maji kwa kilichobaki ndani. Nikachukua majani ya tumbaku yaliyosalia. Ile chupa ndogo ya Mlali nikaifunga kwenye pindo la kanga, ndani, karibu na tumbo, na sikujiambia ninakwenda nayo kufanya nini. Nikasimamisha bodaboda.

"Shikamoo, bibi. Wapi?"

"Hospitali. Na ukisimama kumpisha mtu nitakushusha niendeshe mwenyewe."

Alikimbiza. Mimi njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitasema tumbaku. Tumbaku ni dawa ya asili, kila mtu anaijua, hata wazee wanaivuta puani. Nitasema ilikuwa bahati mbaya. Mpira nitasema uliazimwa. Na ile chupa ndogo ikaendelea kunigusa tumbo kila tulipopanda tuta.

Niliwakuta kwenye benchi la nje ya chumba cha watoto. Binti ameshika nguo ya mtoto, tupu. Mwenyekiti amesimama. Mtani aliponiona akainuka.

"Wamemwekea mpira wa hewa puani," akasema. "Daktari anasema inafanana na sumu, anauliza sumu gani, sisi tunamwambia hatuna sumu nyumbani. Anasema dawa zipo nyingi, akikosea…"

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Maji yako. Yametoka kwenye pipa langu. Nilivalisha mpira, koki ilipofungwa bomba likavuta. Mlikunywa dawa yangu ya wadudu."

Akanitazama. Kisha akatikisa kichwa taratibu, na kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha akasema, "Mtani, utani una wakati wake. Nakuomba. Leo niache."

"Sikutanii."

"Niache, nimesema. Nenda nyumbani."

Hakuamini. Nilikuwa nimekuja na kweli yangu na hana pa kuiweka. Miaka zaidi ya ishirini sikumwambia neno moja lililonyooka, nianze siku ile? Ikabidi nimpite. Nikausukuma mlango. Nesi akasema, "Bibi, huruhusiwi," nikamwambia, "Nimeleta sumu." Akaniachia njia.

Daktari alikuwa kijana wa kike, umri wa mjukuu wangu. Hata pale, jasho limemjaa, akasema shikamoo. Nikaitikia marahaba. Nikampa chupa ya maji na majani. Akanusa.

"Tumbaku. Uliiloweka siku ngapi?"

"Tatu. Na pilipili, majivu, na sabuni."

"Hakuna kingine?"

Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi. Niliwasikia wamekuja kusimama pale: mtani, binti, mwenyekiti. Mwenyekiti ambaye mke wake hununua figili kwangu kila Ijumaa kwa sababu mtoto wao ana mzio.

"Bibi, nisikilize," daktari akasema. "Tumbaku ninaiona. Lakini mtoto ana dalili ambazo si za tumbaku tu. Kama uliweka dawa ya dukani, niambie sasa hivi, nijue nampa nini na kiasi gani. Kama hukuweka, sema hukuweka."

Kitandani mtoto alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua. Kifua kilipanda, kikashuka, kikangoja. Nikahesabu mwenyewe kile kimya. Kikapanda.

Nikafungua pindo la kanga. Fundo lilikaza, nikalifungua kwa meno, mbele yao wote. Nikamkabidhi chupa.

"Vifuniko viwili," nikasema. "Niliambiwa kimoja."

Aliigeuza chupa akasoma maandishi yale madogo ambayo mimi sikuwahi kujisumbua kuyasoma. Akamwambia nesi neno moja, nesi akakimbia. Sikujua wanafanya nini. Nilijua tu kwamba mikono yao ilikuwa inapapasa, sasa imeshika njia. Wakachoma sindano. Wakaangalia macho kwa tochi. Wakachoma tena. Wakamvua nguo iliyobaki wakampangusa mwili wote, maana sumu ile inapita hata kwenye ngozi, na alikuwa ameogeshwa nayo.

Tulikaa benchini. Mtani alikaa mwisho huu, mimi mwisho ule, binti yake katikati akitazama sakafu. Hakuna aliyenitukana. Ningetoa matuta yangu yote tisa anitukane. Mwenyekiti alisema tu, taratibu, "Bibi. Wewe." Nikamjibu, "Kesho uje na fundi ung'oe mita. Usisubiri kikao."

Kabla jua halijazama daktari akatoka. Akasema mate yamepungua, mtoto anapumua mwenyewe, wataendelea kumwangalia siku mbili tatu, na tusimshukuru mtu bado. Mtani akaingia ndani. Alinipita kama unavyopita nguzo.

Mita ilikuja kung'olewa asubuhi yake. Watu walijaa kuliko siku ya pikipiki. Mwalimu alikuwepo. Nilitegemea anisute, nilikuwa tayari, nilitoka na kusimama karibu na bomba ili anione vizuri. Akasema, "Shikamoo, bibi," akageuka akaondoka, na hiyo iliniuma zaidi ya kusutwa. Mpira wangu niliutoa chini ya kitanda nikautupa juu ya ile mingine mbele ya macho yao. Kwa kila aliyewahi kununua mboga yangu nilikwenda mwenyewe mlangoni nikamwambia nilichokuwa nimekusudia kuzinyunyizia zile kabichi. Wengine walishukuru. Wengine walifunga mlango. Matuta nikaachia jua.

Mtoto alirudi siku ya nne. Nilimsikia kabla sijamwona, analilia ziwa upande wa pili wa ukuta, nikakaa chini pale pale uani.

Mpaka masika nilibeba maji kutoka mtoni, ndoo moja moja, na mtani hakunisemesha. Hakunitania. Nikipita anasema, "Shikamoo, dada," salamu ya adabu kabisa, kama kwa mgeni, nami ninaitikia, na tunajua wote wawili ananifanya nini.

Mvua ziliponyesha milima ikapotea kwenye mawingu yake na mita yangu ikarudishwa. Mgao uliendelea kidogo. Jumanne ya kwanza maji yalipotoka niliweka ndoo chini ya bomba, ndoo tupu, bila kitu kingine karibu. Kichwa kikatokeza juu ya ukuta. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amenenepa, anatafuna pindo la kanga.

"Mluguru," akasema.

Nikasimama wima.

"Chukua kikombe. Kinga hapo bombani. Kunywa, nikuone."

Nikachukua kikombe. Nikakinga, nikanywa chote, nikakipindua aone kimeisha. Hakucheka. Alisubiri kitambo, macho usoni kwangu, kama mtu anayeangalia sufuria itachemka au la.

"Sasa watu wa Gairo tuandike umekufa saa ngapi?"

"Bado niko hai."

"Haya. Kaa hapo hapo mpaka nimalize kukinga."

Tangu hapo kila siku ya mgao inakuwa hivyo. Koki yake haifungui kabla sijanywa. Akichelewa kuita, mimi ninamngoja na kikombe mkononi, na uji wa mjukuu wake haubandikwi mpaka nimemeza.